Muuza Ringi Aliyekataa Kuuza

Mpaka leo wapo watu hapa Katesh wanaosema kwamba yule mama muuza ringi alikuwa mkorofi. Wanasema hivyo wakiwa ndani ya magari yao, mkono mmoja kwenye usukani, na sijui kama hata wanajua wamekalia nini. Mimi nilikuwa jirani yake. Cherehani yangu ilikaa kwenye kibaraza kimoja na duka lake, tumetenganishwa na ukuta mmoja tu, na kwa miaka mingi asubuhi nilisikia nyundo yake kabla sijasikia sauti yake. Kwa hiyo nikisikia mtu anamwita mkorofi, mkono wangu unasimama juu ya kitambaa.

Mkorofi alikuwa, sikatai. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, anayejifunga ushungi vizuri kama anakwenda msikitini halafu chini anavaa raba za kiume zilizojaa oili. Alidai shikamoo hata kwa watu waliomzidi umri kidogo. Mteja akiingia bila salamu, aliendelea na kazi yake kama vile ameingia paka. Lakini mteja huyo huyo akishatukanwa vya kutosha, alipewa kiti na chai yenye sukari nyingi, na akikataa chai anatukanwa upya.

Duka lake halikuwa na kitu kingine isipokuwa ringi za magari zilizokwisha kutumika, zimepangwa kutoka sakafuni mpaka karibu na bati. Nyingi zilikuwa za magari ya zamani, yale ambayo viwanda vilishaacha kutengeneza vipuri vyake. Huku kwetu magari hayo bado yanafanya kazi. Yanabeba mahindi, yanabeba mbuzi, yanabeba wagonjwa. Gari linaweza kulala miaka kumi nyuma ya nyumba ya mtu, kuku wanatagia ndani, halafu siku moja mwenyewe anapata injini na anataka kuliamsha. Injini ikishawaka kila mtu anashangilia. Hakuna anayeuliza habari za magurudumu.

Yeye aliuliza. Ndiyo ilikuwa kazi yake, na ndiyo ilikuwa ghadhabu yake.

Akiletewa ringi yenye kutu, hakuangalia upande wa nje. Alisema usoni kila mtu ananawa. Aliigeuza, akaangalia ndani pale tairi linapokaa, akaisugua kwa brashi ya waya mpaka mkono unamuuma. Kutu ikitoka kama vumbi jekundu na chini yake chuma kikabaki laini na kigumu, alitikisa kichwa akaendelea. Kutu ikitoka kwa magamba, kama ganda la mti, na kuacha vishimo ambavyo kucha inaingia, uso wake ulibadilika. Kisha aligonga kwa nyundo ndogo kuzunguka ringi nzima na kusikiliza. Ringi nzima inalia kwa muda. Yenye ufa inajibu kifupi, kama chungu kilichopasuka. Lakini hata mlio huo hakuuamini peke yake. Aliangalia tundu za nati kama bado ni mviringo au zimetanuka zikawa na umbo la yai, akatafuta nyufa nyembamba kama unywele kati ya tundu na tundu, akafuata kwa kidole mshono unaounganisha sahani ya katikati na duara la nje. Mwisho aliivalisha kwenye ekseli kuukuu aliyoisimika uani, akaizungusha mbele ya kipande cha waya, aone kama inayumba.

Akishamaliza alitoa hukumu, na hukumu yake haikuwa na rufaa.

Watu wanamkumbuka kwa kukataa tu, kana kwamba alichukia kila kitu chekundu. Huo ni uongo. Nilimwona akimfokea dereva wa Dongobesh aliyetaka kutupa ringi nne za baba yake kwa sababu zilikuwa zimepata kutu. Alizisugua mbele yake, akamwonyesha chuma, akamwambia kwamba anataka kutupa mali nzima aende kununua mpya ambayo ni nyembamba kama sahani ya wali. Chuma cha zamani alikiheshimu. Alisema ni kinene na kivumilivu, ila kikishaharibika kinadanganya, kwa sababu unene wake unamfanya mtu aamini kwamba bado kipo. Kwa maoni yake wajinga walikuwa wa aina mbili, wanaoogopa kutu yote na wasioogopa kutu yoyote, na alilalamika kwamba Mungu amewaleta wote dukani kwake.

Kitu alichokichukia kweli kilikuwa puti. Puti na rangi ya silva. Mtu anachukua ringi iliyoliwa, anajaza vishimo kwa puti, anapiga msasa, anapaka rangi, na jua likiiwakia inang'aa kuliko mpya. Ufa nao anauchomelea juu juu kama anashona nguo. Mama yule alisema mwizi wa ng'ombe ana heshima kuliko mtu huyo, maana mwizi anakuchukulia ng'ombe na kukuachia miguu ya kumfuatia.

Na bado nyumba yake mwenyewe ilivuja. Bati la chumba chake lilikuwa limeoza kiasi kwamba mvua ikinyesha alihamisha kitanda, na nilipomwambia alijibu kwamba bati haliendi barabarani. Hakujua kuendesha gari wala hakutaka kujifunza. Safari ya kwenda msibani Nangwa aliweza kuitembea kwa miguu huku magari yanampita, na yakisimama kumpa lifti aliyachungulia chini kwanza, halafu akashukuru na kuendelea kutembea.

Watu walitafuta sababu. Walisema mumewe alikufa akijaza upepo kwenye gurudumu la lori, pete ya ringi ikaruka ikampiga kichwani. Hadithi hiyo ilizunguka mji mzima, na mimi mwenyewe niliisikia sokoni kabla hatujawa majirani. Siku moja mteja mmoja akamwambia kwa huruma kwamba pole sana, tunaelewa kwa nini uko hivi. Aliweka nyundo chini. Akamweleza kwamba mumewe alikufa kwa ugonjwa wa sukari, kitandani kwake, ameshiba uji.

"Kwani mtu hawezi kuwa na akili mpaka afiwe?" alimuuliza.

Jioni nzima mama yule alirudia swali hilo, safari hii kwangu, kwa ukuta, kwa paka.

Sasa niseme habari ya mzee wa Gehandu, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalianzia kwake, ingawa yeye hana kosa.

Alikuwa mfugaji, mrefu, mkavu, anatembea na fimbo na shuka lake, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabu maneno. Alikuwa na pikapu ya zamani sana iliyosimama kwenye zizi lake kwa miaka. Alitaka kuifufua ili apeleke maziwa na wagonjwa wa kijijini kwao, kwa sababu masika pikipiki hazifiki. Akaleta ringi zake zote tano kwenye mkokoteni wa punda. Zilikuwa zimekaa ndani ya samadi, na udongo wa kule una chumvi chumvi ya ziwa. Mama akazifanyia kazi tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, na mzee akasimama akimwangalia bila kukaa.

Mbili zilifaa. Tatu alizikataa. Akachukua nyundo kubwa ili azikunje, maana hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake: ringi aliyoihukumu hakutaka itoke nzima. Mzee akanyoosha fimbo katikati.

"Mama, ng'ombe wangu akiugua, wewe humuui," alisema. "Mimi mwenyewe ndiyo najua nitamfanya nini."

Nilitegemea matusi. Lakini yule mama alimwangalia, akaona kwamba mbele yake yupo mtu asiyeweza kutukanwa, akashusha nyundo. Wakakubaliana jambo la kati. Alichukua patasi, akakata mstari mrefu kwenye ukingo wa kila ringi mbovu, mstari mzito ambao kidole kinausikia. Mzee akaahidi kwamba hazitaingia kwenye gari lolote. Akaondoka na zote tano, mbili za kutumia na tatu za kukaa, pamoja na nyingine nzima alizonunua dukani.

Mzee alitimiza ahadi yake. Walipopita wanunuzi wa vyuma chakavu aliwapa zile tatu, na wao wakamwambia zinakwenda kuyeyushwa. Angewezaje kujua? Wanunuzi wale waliziuza kwa mchuuzi mmoja wa mnadani, mtu mcheshi, mwenye maneno matamu, aliyetandaza turubai lake kila siku ya mnada na kupanga ringi zinazong'aa kama sufuria za bibi harusi.

Mimi nilikuwa namshonea binti mmoja wa Nangwa aliyekuwa akiuza nyanya na mbaazi. Alipenda nguo zenye mifuko mikubwa, kwa ajili ya biashara, na alikuwa akikaa kwenye kibaraza changu akisubiri, akicheka na mama wa ringi ambaye kwa sababu nisiyoijua hakuwahi kumfokea. Siku ya mnada alipanda pikapu moja ya abiria na wenzake, amekaa nyuma juu ya matenga yake. Kwenye mteremko, gurudumu la nyuma likapasuka. Si tairi. Ringi yenyewe ilikatika katikati, sahani ikabaki kwenye nati na duara likaenda zake porini. Gari likalala ubavu. Wengine waliumia, wakapona. Binti yule mguu wake ulibanwa chini ya bodi, na hospitalini wakaukata chini ya goti.

Habari zilipofika, mama wa ringi alifunga duka. Tulikwenda pamoja mpaka pale barabarani, watu walikuwa bado wamejazana. Duara la ringi lilikuwa limeokotwa na kuwekwa kando, linawaka kwa silva. Akaomba kisu kwa mtu, akapiga magoti, akaanza kukwangua ukingoni. Rangi ikatoka. Puti ikatoka, kipande kirefu kama mshumaa. Chini yake kulikuwa na mstari wa patasi.

Alishika mkono wangu akaupeleka pale, kidole changu kikapita kwenye mkato wake. Mpaka leo nikishona naukumbuka mkato ule kwenye ncha ya kidole.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Dereva alishitakiwa, akanyang'anywa leseni, gari likakamatwa. Dereva ambaye alinunua ringi kwa mchuuzi yule mchana kweupe, akiamini ni nzima. Mchuuzi yeye aliitwa kwenye kikao cha usuluhishi ofisi ya kata, akaketi kwenye kiti cha plastiki, miguu ameipishanisha. Wazee walifungua kwa sala. Walisema ni bahati mbaya. Walisema barabara zetu ni mbaya. Mmoja akasema tusimtafute mchawi, haya ni mapenzi ya Mungu.

Mama wa ringi alisimama bila kupewa nafasi. Alikuwa mtu wa swala tano, na sijawahi kumwona amekasirika kama alivyokasirika kwa neno lile.

"Mungu hakupaka rangi ile," alisema. "Msimsingizie."

Mzee wa Gehandu naye alikuja, amefika kwa ile pikapu yake. Aliulizwa kama anaitambua ringi. Akasema anaitambua, ilikuwa yake, aliambiwa ni mbovu, alama ilikatwa mbele ya macho yake, naye aliitoa iende kuyeyushwa. Akamgeukia mchuuzi akamuuliza swali moja tu: alipokuwa anajaza puti kwenye mkato ule, alidhani ni nani aliyeukata, na kwa nini. Mchuuzi akajibu kwamba biashara ni biashara, yeye ananunua vitu kama anavyovikuta. Watu wachache wakacheka. Nawajua waliocheka, na wanajua kwamba nawajua.

Mwisho mchuuzi alikubali kutoa mtamba mmoja na kusaidia matibabu, na mwenyekiti akaonekana amefurahi, kikao kimezaa matunda. Mama wa ringi alikuwa bado amesimama.

"Ng'ombe ana miguu minne," alisema, "na hakuna hata mmoja utakaomfaa huyu binti. Msikubali. Huyu aende mahakamani."

Hapo ndipo binti mwenyewe aliongea. Alikuwa ameketi pembeni na magongo yake mapya, amevaa gauni nililomshonea, lile la mifuko mikubwa.

"Mama," alisema taratibu, "wewe una hasira. Mimi nina njaa."

Baba yake akapokea mtamba. Tukatawanyika.

Njia nzima ya kurudi yule mama alitangulia mbele yangu kwa hatua ndefu. Nilidhani amemkasirikia binti. Kumbe hapana. Kuanzia pale kila Ijumaa baada ya swala alibeba kikapu akaenda Nangwa kwa miguu, na alichokuwa anapeleka sikijui, kwa sababu hakutaka mtu ajue. Binti aliniambia baadaye kwamba mama akifika anakaa, anakunywa uji, anamsema kwa namna anavyopanga nyanya zake, halafu anaondoka. Ng'ombe yule alizaa. Binti akafungua genge mbele ya nyumba ya baba yake, na mpaka sasa analo.

Lakini kwa mchuuzi hasira haikupoa hata kidogo. Siku za mnada mama alifunga duka lake, yeye ambaye duka lilikuwa kila kitu, akaenda kusimama mbele ya turubai la yule mtu na nyundo yake ndogo. Mteja akiinama kuchagua, naye anainama. Anagonga. Ringi ikijibu kifupi, anamtazama mteja usoni. Hakuhitaji kusema. Mchuuzi akalalamika kwamba anaharibiwa biashara, na msimamizi wa mnada akampiga marufuku mama kuingia. Yeye, siyo mchuuzi. Basi akawa anasimama nje kwenye mlango, wanaume wazima wanatoka wamebeba ringi mabegani, na anawaita mmoja mmoja waziweke chini. Wengine walimcheka. Wengine walimwita mchawi wa biashara. Lakini wapo walioziweka chini, na baadhi yao walizirudisha.

Mchuuzi hatimaye aliona soko limekuwa gumu, akahamia minada ya mbali. Nasikia anaendelea vizuri. Nasikia amejenga. Nikifikiria hilo natamani kupasua kitambaa kwa meno.

Na mji wetu ulifanya nini? Wateja walipungua dukani kwa mama. Walisema ana nuksi, walisema anapenda kesi. Waliotaka ringi nzuri walikwenda kununua kwingine ili wasifokewe, na waliokuwa na ringi mbovu walikwenda kwingine ili wasiambiwe. Macho yake nayo yakaanza kuingia ukungu. Mwishowe binti yake aliyeolewa Dongobesh akaja na lori, wakapakia ringi nzima zilizobaki, na zile mbovu mama akazikunja zote kwa nyundo kubwa kabla ya kupanda. Kazi hiyo ilimchukua siku nzima. Tulisikiliza mtaa mzima, na hakuna aliyetoka kumsaidia isipokuwa mimi na mzee wa Gehandu aliyekuwa amekuja kumuaga.

Nilimwona tena mwaka jana. Nilikuwa nakwenda Mbulu kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, nikashuka Dongobesh kumsalimia. Alikuwa amekonda, ushungi uko palepale, macho meupe meupe. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kwa nini nimechelewa, kana kwamba aliniagiza dukani. Tulikula makande. Akanisimulia mabaya ya mkwewe kwa mapenzi makubwa. Alasiri ilipofika akasema atanisindikiza mpaka stendi.

Gari lililokuwepo lilikuwa la zamani, bodi ya chuma, mabenchi mawili marefu, limeshajaa, limebakiza nafasi yangu tu. Mama akaniambia ningoje. Akaenda nyuma, akainama, akaanza kupapasa gurudumu kwa vidole, tundu moja hadi nyingine. Kisha akamwita dereva akamwambia hapendi anachokisikia kwenye hili, alitoe aone upande wa nyuma.

Dereva akacheka kwa adabu, akamwambia bibi, tumechelewa. Mama akaketi chini, mbele ya gurudumu, akanyoosha miguu.

Abiria wakaanza. Mwanamume mmoja mwenye koti, aliyekaa karibu na mlango, alisema huyu bibi ana matatizo, mtoeni. Mwingine akasema ana mgonjwa Mbulu. Niliona aibu ikinipanda, halafu hasira ikaipita aibu, nikaketi chini karibu naye na gauni langu la kwendea harusini. Dereva akatuangalia wote wawili, akapumua, akaleta jeki.

Gurudumu lilipotoka, mama akapitisha mkono nyuma yake polepole. Macho hayakumsaidia, kwa hiyo akaniita.

"Fundi, angalia. Kutu ina magamba?"

Nikasugua kwa kidole. "Hapana, Mama. Ni vumbi tu."

"Weka kucha. Inaingia?"

"Haiingii."

"Kuna unywele kati ya tundu na tundu?"

Niliangalia kwa makini, tundu zote. Hakukuwa na kitu. Akagonga kwa jiwe, akainamisha kichwa, nasi sote tukasikia chuma kikilia kwa muda mrefu.

"Nzima," alisema. "Rudisheni."

Abiria wakaguna kwa pamoja. Yule mwenye koti akauliza kama sasa ameridhika, amewachelewesha watu bure. Mama hakujitetea, wala hakuomba radhi. Nikamsaidia kuinuka, akakung'uta vumbi kwenye kanga yake, tukaagana. Nilikuwa nimeshapanda, dereva ameshawasha, ndipo yule mwenye koti akatoa kichwa nje na kumuuliza, kwa sauti ya chini kidogo, kuhusu yale magurudumu mengine matatu.

"Mimi nimeangalia hilo moja," mama akajibu. "Hayo mengine muulize aliyekupakia."

Akageuka akaenda zake, akipapasa ukuta wa stendi kwa mkono. Sisi tukaondoka. Kutoka pale mpaka Mbulu, kwenye kona zote na miteremko yote, hakuna mtu hata mmoja aliyesinzia.